Usukani Ulipokataa, Njia ya Homa Bay

Tangu turudi, kila anayeingia dukani kwangu kununua kitambaa ananiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Hamisi alimgonga mtu. Wengine wanauliza kwa huruma, wengine wanataka tu kusikia. Nimejibu nusunusu mpaka nimejichosha. Nyinyi mlikuja nyumbani mkakaa nami bila kuuliza kitu, kwa hiyo nawaandikia yote, pamoja na lile ambalo sijamwambia mtu hapa mjini.

Kwa wale wasiomjua vizuri mume wangu, Hamisi aliendesha malori miaka thelathini, Mombasa hadi Kampala na mbele zaidi, na hakuwahi kugusa hata mbuzi. Aliacha kazi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Mwaka jana vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Gari letu kuukuu lilipokufa, binti yetu Zuhura akatununulia jingine lililotoka ng'ambo. Lilikuwa na miaka minne tu, jeupe, la kuwaka kwa kubonyeza kitufe. Majirani walikuja kulitazama kama bibi harusi.

Wiki ya tatu Hamisi akaniambia usukani unakuwa mzito ghafla, taa ndogo ya manjano inawaka, kisha akizima gari na kuliwasha tena, kila kitu kinakuwa sawa. Tulilipeleka gereji moja hapa mjini. Wakachomeka kompyuta, wakalizungusha mtaani, wakarudi. "Kompyuta haioni kitu," yule bwana wa gereji alimwambia. "Mzee, hizi gari za siku hizi zinataka mkono mwepesi. Hii si lori." Hamisi alicheka naye. Usiku ule nilimwona akivikunja vidole vyake na kuvikunjua.

Kisumu mpaka Kendu Bay

Tulikuwa tunakwenda Mbita kumchukua mama yangu mdogo, Pelesia, na kumrudisha kwake Usenge. Alikuwa amekaa Mbita kwa mwanawe miezi mingi akitibiwa, na sasa madaktari walikuwa wamesema hakuna la zaidi. Yeye mwenyewe alinipigia simu. "Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, "nimechoka na hospitali. Nipeleke nyumbani nikiwa bado naona njia." Hakuweza kukaa kwenye gari la abiria. Alihitaji kiti cha nyuma kizima alale.

Tuliondoka asubuhi. Ahero tulikuta lori la mpunga limelala katikati ya barabara, tukakaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili, tukinunuliana mahindi ya kuchemsha na watu wa gari la mbele. Tulipofika Katito taa ya manjano ikawaka. Hamisi akaingia kwenye kituo cha mafuta, akazima, akawasha, ikapotea.

Aliyekuwa akijaza mafuta akasema, "Hiyo ni oili ya stelingi imepungua. Ongeza tu."

Hamisi alifungua boneti akatafuta chupa ya oili ya usukani. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia, akainama mpaka kofia yake ikaanguka. Haikuwepo. Gari lile usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, halina oili kabisa, lakini hakuna kati yetu aliyejua hilo siku ile. Watu wawili waliokuwa wanakunywa chai pembeni walimtazama. Mtu aliyefungua injini za malori porini kwa mwanga wa tochi alikuwa amesimama mbele ya gari dogo jeupe, hajui kilipo kitu. Alifunga boneti polepole.

"Turudi Kisumu?" nilimuuliza.

"Mama Pelesia anangoja," alisema.

Nilikunywa chai yangu na mandazi mawili. Yeye hakula. Kendu Bay aliswali adhuhuri, mimi nikamngoja kivulini, kisha tukaendelea.

Kendu Bay mpaka Homa Bay

Sikuona ajali ikitokea. Hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlijue. Nilikuwa nimeinamia simu, namjibu Zuhura. Nilimsikia Hamisi akisema, "Inakataa," si kwa kelele, kama mtu anayezungumza na mnyama. Nilipoinua kichwa, barabara ilikuwa inakata kona na sisi hatukuwa tunakata. Tulitoka nje ya lami. Palikuwa na meza ya mbao yenye ndizi na njugu, na nyuma ya meza mwanamke amekaa kwenye kigoda. Alianza kuinuka.

Gari lilisimama kwenye ua wa michongoma. Yule mwanamke alikuwa chini ya meza yake, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Hakulia. Alikuwa akiokota njugu zilizokuwa karibu na mkono wake, moja moja, akiziweka kwenye pindo la nguo.

Watu walijaa mara moja. Mmoja alishika rungu. Mwingine alimvuta Hamisi nje kwa kola, na Hamisi hakujitetea, alisema tu, "Stelingi ilikataa. Ilikataa." Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kanisa akaingia katikati. "Wacheni," akasema. "Kwanza huyu mama apelekwe. Mambo ya kupiga itangoja."

Hakukuwa na gari jingine karibu. Tulimlaza kwenye kiti kile cha nyuma tulichokuwa tumemtandikia Mama Mdogo. Watu hawakumruhusu Hamisi aendeshe tena, mimi nilikuwa nimekishika kichwa cha yule mama, kwa hiyo mwanamume mmoja wa pale akakaa kwenye usukani. Alibonyeza kitufe, akarudi nyuma, akaingia barabarani, akazikata kona zote mpaka Homa Bay kwa mkono mmoja.

Karibu na mji alimtazama Hamisi. "Mzee," akasema, "hii stelingi yako iko laini kama siagi."

Mimi nilisikia, na ndani yangu kitu kikaamua.

Homa Bay

Yule mama aliitwa Awino. Mjane, ana miaka hamsini na kitu, umri kama wangu. Aliniambia jina lake mwenyewe kwenye kitanda cha magurudumu, kisha akanitaka nimpigie dada yake. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili na kidonda kilikuwa kimejaa udongo.

Kituoni, afisa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alilizungusha gari uani mara tatu, akaukata usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, akatoka akifuta mikono.

"Mzee, una miaka ngapi?"

"Sitini na sita."

"Gari ni mpya. Gari mpya haiwezi kukataa kona yenyewe."

"Ilikataa," Hamisi alisema.

Afisa akanigeukia. "Mama, ulikuwa ndani. Uliona nini?"

"Nilikuwa naangalia simu."

"Na mzee, afya yake iko namna gani?"

Hapa ndipo lilipo lile nililowaambia sijamwambia mtu. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema taa iliwaka Katito, na kwamba tulilipeleka gari gereji. Nilisema, "Mkono wake wa kushoto unamsumbua. Umekufa ganzi."

Nilisema kwa sababu niliamini. Nilimwona yule mtu akiendesha kwa mkono mmoja, na nikakumbuka vidole vikikunjwa usiku. Niliona pia kwamba ukweli ndio ungetusaidia, maana ugonjwa si kosa. Afisa akainama kuandika. Hamisi alinitazama kwa muda mrefu kidogo, bila hasira. Alinitazama kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe kutoka kwa daktari. Kisha akasema, "Andika hivyo," akatia sahihi.

Leseni yake wakabaki nayo, wakasema atarudi baada ya siku kumi. Mimi nikaambiwa naweza kuendesha.

Tulikaa Homa Bay siku mbili. Asubuhi nilimpelekea Awino uji, jioni samaki na ugali nilioununua nje ya lango. Alikula kidogo, akaniuliza kwa nini Muislamu ana lafudhi ya Usenge, nikamwambia mama yangu alikuwa wa huko na baba yangu alikuja na reli kutoka pwani. Hamisi hakuingia wodini. Alikaa kwenye benchi la saruji, viganja vimegeuzwa juu, akivitazama.

Homa Bay mpaka Mbita, na kivuko

Niliendesha mimi. Ni mwendo mfupi na barabara ni nzuri, lakini nilikwenda polepole hata pikipiki zikatupita. Hamisi hakusema neno juu ya barabara, yeye ambaye siku zote hunisahihisha gia na breki. Mara moja tu alisema, "Kuna tuta mbele," kisha akaongeza, "nadhani." Neno hilo liliniuma. Hamisi hakuwa mtu wa kudhani barabarani.

Mama Pelesia alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilimbeba mwenyewe. Alilazwa nyuma. Nilikuwa nimelifua shuka lililotandikwa pale, lakini doa la Awino halikutoka lote. Alilitazama, akauliza, nikamwambia. Alilirudia jambo hilo tulipokuwa ndani ya kivuko, gari limebanwa kati ya pikapu za sukari na magunia ya dagaa, wale wanaoitwa omena.

"Ni yeye aligonga, ama ni gari?" Mama Pelesia aliniuliza, Hamisi aliposhuka kununua maji.

"Ni yeye, Mama. Mkono."

"Amekuambia hivyo?"

"Hapana. Yeye anasema usukani."

Alifumba macho. "Sasa umeambiwa na nani?"

Nilitoka nikasimama ukingoni mpaka tukafika ng'ambo, Luanda Kotieno.

Luanda Kotieno mpaka Bondo

Tulikuwa tumeipita Ndori. Barabara ilikuwa imemeguka pembeni na gari lilikuwa linarukaruka. Mbele yetu kulikuwa na kona ya kushoto, na upande wa pili lori la mchanga lilikuwa linakuja. Nilianza kukata.

Sijui niwaeleze vipi. Mnajua mnavyovuta mlango mkidhani uko wazi, kumbe mtu ameufunga kwa ndani. Mkono wangu ulikwenda lakini usukani haukwenda. Taa ya manjano ilikuwa inawaka mbele yangu na nilikuwa nimeshikilia kitu kama jiwe la kusagia. Nilivuta kwa nguvu zangu zote na gari likageuka kidogo tu, kidogo sana, na lori likapiga honi ndefu.

Hamisi aliurukia usukani. Alivuta na mimi, mikono yake miwili juu ya yangu, ule wa ganzi na ule mzima, mpaka nikasikia mifupa ya vidole vyangu. Gari likakata. Lori likapita karibu kiasi kwamba kioo cha upande wake kiligonga chetu kikakikunja. Tulisimama kwenye nyasi. Nyuma, Mama Pelesia alikuwa ameteleza chini ya kiti, anaguna kwa maumivu.

Tulimwinua kwanza. Kisha tukakaa.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa," Hamisi alisema.

Sikuweza kumtazama. Alishuka akaenda kukirudisha kioo mahali pake, akakifuta kwa kofia yake, akasimama nje muda mrefu akiwa amenipa mgongo.

Bondo

Baada ya kuzima na kuwasha tulijikokota mpaka Bondo. Tuliulizia fundi wa umeme wa magari, tukaelekezwa kwa mtu anayeitwa Okoth, mwenye banda la mabati nyuma ya duka la mbolea. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Hakukimbilia kuchomeka kitu. Alimtazama Hamisi usoni.

"Jaduong', mzee wangu, wewe ndio umeendesha hii zaidi. Niambie. Inakuwa mzito ikiwa baridi ama ikishapata moto? Barabara mzuri ama mbaya?"

Hamisi alinitazama kama anayeomba ruhusa. Kisha akaanza kueleza, na alieleza vizuri: ikishapata moto, mara nyingi baada ya kuruka shimo, na zaidi ikiwa mvua imenyesha usiku uliotangulia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tununuliwe gari lile mtu kumuuliza.

Okoth alitoa viti vya mbele, akakunja zulia la sakafuni. Chini yake kulikuwa na udongo, udongo wa kijivu uliokauka, laini kama unga, wa nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Alifuata waya kwa kidole mpaka kwenye plagi ya mota ya usukani, akaichomoa, akatuonyesha. Ndani ilikuwa ya kijani kwa kutu.

"Hii gari ililala kwa maji," alisema. "Mafuriko. Wakaosha, wakapaka, wakauza. Ikitikisika hapa, umeme inakatika, mota inalala. Unazima, unawasha, inaamka. Kompyuta ukichomeka saa hiyo, itakuambia nini?"

Alikata waya mpaka alipopata shaba safi, akaunga plagi nyingine, akasugua boliti inayorudisha umeme kwenye bodi mpaka ikang'aa. Kazi hiyo ilichukua mchana wote. Mama Pelesia alilala kwenye mkeka dukani kwa yule wa mbolea, ambaye alituletea chai ya maziwa na viazi vitamu bila kutuuliza sisi ni nani. Mwisho Okoth aliandika alichokikuta kwenye karatasi, akatia sahihi, akatupa na ile plagi mbovu kwenye mfuko.

"Sasa itashika," alisema. "Lakini imekunywa maji. Msiuzie mtu bila kumwambia."

Nilimpelekea Hamisi kikombe cha chai pale alipokuwa amesimama. Alikipokea. Nikarudi dukani.

Usenge

Tulimfikisha Mama Pelesia kabla jua halijazama. Aliomba atolewe nje, alazwe pale wanawake walipokuwa wameanika omena, na hakuna aliyemkatalia. Harufu ile wengine huikimbia, yeye aliivuta kama mtu aliyefika. Alikula vijiko viwili vya ugali na mchuzi, akavitapika, akaomba tena.

Siku ya pili aliniita nikae karibu.

"Umemwambia mzee wako pole?"

"Nimemwambia, Mama."

"Kwa mdomo, ama kwa chai?"

Kumbe alikuwa macho pale kwenye mkeka. Niliinamisha uso. "Kwa chai," nilisema.

"Basi hajasikia."

Nilimkuta Hamisi ufukweni, amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Nilimwambia. Nilisema nilimtajia afisa mkono wake kwa sababu nilikuwa nimeacha kumwamini, si siku ile tu, bali tangu gereji. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unajua kibaya ni nini?" alisema. "Wakati natia sahihi nilikuwa nimeshaamini. Usiku mbili pale Homa Bay nilimgonga yule mama tena na tena, na kila mara ni huu mkono."

Nilitaka kuushika. Alikuwa ameuweka chini ya paja.

Tulimwacha Mama Pelesia siku ya nne. Alifariki wiki iliyofuata, kwenye mkeka wake mwenyewe, kama mlivyosikia.

Homa Bay tena, na nyumbani

Tulirudi na kivuko kile kile bila kungoja siku kumi ziishe, mimi kwenye usukani. Uliitika kila kona. Afisa aliisoma karatasi ya Okoth mara mbili, akaitoa plagi kwenye mfuko, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Niliomba maneno yangu ya kwanza yaandikwe upya, na nikasema wazi kwamba nilisema nisilolijua. Aliandika. Alisema mambo mengine yataamuliwa na wakubwa wake, na mpaka leo hatujaitwa.

Wodini blanketi la Awino lilikuwa limelala bapa kuanzia chini ya goti la kulia. Kidonda kilikuwa kimeoza, wakaukata mguu siku mbili kabla. Dada yake alitoka nje alipotuona.

Nilimweleza yote, gari, mafuriko, waya. Hamisi alisimama nyuma yangu, kofia mkononi. Awino alisikiliza akitazama dari.

"Kwa hivyo ni gari," alisema.

"Ni gari."

"Mimi nilikuwa nimeshamsamehe huyu mzee. Nimeomba siku tatu ndio niweze. Sasa unaniambia hakuna mtu." Akageuza uso kwa Hamisi. "Wewe kuja hapa karibu. Mbona hukuingia zile siku?"

"Niliogopa," Hamisi alisema.

"Hata mimi niliogopa."

Alisogeza mkono juu ya kitanda, na Hamisi akakaa kwenye kigoda. Niliwaacha. Nilipochungulia baadaye, walikuwa wanazungumza juu ya njugu, Hamisi akimuuliza zinatoka wapi na ni nzuri msimu gani. Sasa Hamisi anakwenda kumwona kila wiki mbili, kwa gari la abiria.

Siku ile tulipotoka hospitali nilimnyooshea ufunguo. Nilimwambia usukani umepona na leseni tutaifuatilia, lakini anaweza angalau kulitoa gari uani, mita chache tu. Alitikisa kichwa. "Endesha wewe," alisema, akazunguka, akaketi upande wa kushoto, akafunga mkanda.

Niliendesha Kendu Bay, Katito, Ahero, mpaka mlangoni kwetu. Hakunisahihisha hata mara moja. Lakini kila tulipoikaribia kona, mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza zulia, kwa nguvu, akitafuta breki isiyokuwepo upande ule. Nilipunguza mwendo kila mara nilipouona.